Pengo la Mfupa na Kauri Yenye Vitundu: Mambo ya Kujua Kabla ya Kusaini Karatasi ya Upasuaji

Mfupa uliovunjika kwa kawaida hujiunga wenyewe. Kazi ya daktari ni kuunyoosha, kuutuliza kwa plasta ngumu au kwa chuma, kisha kuhakikisha hausumbuliwi. Damu iliyovuja palipovunjika huganda, ndani yake huota tishu laini, tishu hiyo hugeuka mfupa mchanga, na mfupa mchanga hupangwa upya kwa miezi na miaka hadi eksirei isionyeshe tena ufa ulikuwa wapi. Ngozi ikikatika huacha kovu. Mfupa ukipona vizuri hauachi.

Zipo hali, hata hivyo, ambapo mfupa hauna pa kushikia. Bodaboda imegongana na lori, mfupa wa muundi umesagika na vipande vingine vimebaki barabarani. Mtoto ameugua usaha wa mfupa kwa muda mrefu, na daktari amelazimika kuondoa sehemu iliyokufa. Uvimbe usio saratani umekwanguliwa ndani ya mfupa wa paja ukaacha shimo. Katika mfupa mrefu wa mtu mzima, pengo linalozidi sentimita mbili au tatu mara nyingi mwili hauwezi kulivuka peke yake. Nyama ya kovu hujaa mahali hapo, na mgonjwa hubaki na mguu unaocheza pasipo na kiungo.

Makala haya ni ya mgonjwa huyo na ndugu zake, wale wanaoitwa na daktari na kuelezwa kwamba pengo lijazwe, na kwamba mojawapo ya vitu vya kujazia ni kauri yenye vitundu. Wengi hutoka pale wakiamini kwamba watawekewa mfupa wa bandia utakaofanya kazi tangu siku ya kwanza. Sivyo ilivyo. Kauri hii inautengenezea mfupa njia ya kupita ili ujijenge wenyewe. Anayelielewa hilo ataelewa pia ni nani atakayefaidika nayo, ni nani asiyestahili kuwekewa, na kwa nini uangalizi wa miezi inayofuata una uzito kuliko upasuaji wenyewe.

Kwanza, mfupa wako mwenyewe

Ni haki kusema mapema kwamba kauri haijaushinda mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Daktari hupasua kwenye ule ukingo wa nyonga unaoushika ukiweka mikono kiunoni, akachota mfupa laini wa ndani na kuupeleka penye pengo. Mfupa huo huenda na seli hai, huenda na protini zinazoziamuru seli nyingine zijenge, na tayari una wavu wa madini wa kujengea juu yake. Mwili hauukatai kwa kuwa ni wake. Kila kitu kipya kinachobuniwa kwa ajili ya kujazia mifupa bado hupimwa kwa kulinganishwa na huo.

Gharama yake mgonjwa huilipa kwa mwili wake. Anapata kidonda cha pili, na wako wanaolalamikia maumivu ya nyonga muda mrefu baada ya mguu wenyewe kutulia. Kiasi kinachopatikana ni kidogo, kwa mtoto ni kidogo zaidi, na anayerudishwa chumba cha upasuaji mara ya tatu huenda nyonga zake zote mbili zimeshachotwa. Nchi zenye benki za mifupa hutumia mifupa iliyotolewa na watu waliofariki, baada ya kupimwa magonjwa na kusafishwa. Kuendesha benki ya namna hiyo kunataka maabara, majokofu, sheria na ridhaa ya familia, na si mahali pengi ambapo hayo yote yapo.

Ndiyo sababu kwa zaidi ya karne madaktari wametafuta kitu kinachoweza kukaa kabatini kikisubiri mgonjwa. Mwaka 1892 Dreesmann, daktari wa Ujerumani, alieleza jinsi alivyojaza mashimo ya mifupa kwa jasi, ile ile inayotengenezewa plasta. Mwaka 1920 Fred Albee wa New York alichapisha majaribio ya sungura ambao mifupa yao iliyovunjwa ilitiwa fosfeti ya kalsiamu: iliunga kwa wastani wa siku 31, ilhali ya sungura ambao hawakutiwa iliunga kwa siku 41. Dalili njema zilikuwepo basi tangu zamani. Kilichokosekana kwa nusu karne nyingine ni namna ya kuipa fosfeti hiyo umbo ambalo mfupa unaweza kuingia ndani yake.

Imetengenezwa kwa kitu gani

Mfupa mkavu, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni madini. Madini hayo ni fosfeti ya kalsiamu ya aina iitwayo haidroksiapataiti. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni kolajeni, protini yenye nyuzi. Madini huupa mfupa ugumu, kolajeni huufanya uvumilie kupindwa na kunyongwa kidogo bila kukatika.

Kauri ya mifupa ni yale madini peke yake, yametengenezwa kiwandani au yametolewa kwenye kitu kilichokuwa hai. Nyingi ni haidroksiapataiti, au ndugu yake trikalsiamu fosfeti, au mchanganyiko wa hizo mbili. Unga wake huchomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 1,100 hadi 1,300 za Selsiasi mpaka chembe zishikane. Hakuna udongo wa mfinyanzi ndani yake, na jina la kauri lisimtie mtu hofu kwamba anawekewa kipande cha kikombe.

Vitundu hutengenezwa kwa njia kadhaa. Iliyo rahisi kueleza ni hii: sponji ya plastiki huchovywa kwenye uji mzito wa unga huo, hukamuliwa, hukaushwa, kisha hutiwa tanurini. Sponji huungua ikatoweka, na kauri hubaki na umbo la sponji. Wengine huchanganya unga na chembechembe za kitu kinachoungua, zikiteketea huacha nafasi. Siku hizi zipo pia mashine za kuchapa vitu vya pande tatu, ambazo huipanga kauri uzi kwa uzi kufuata picha ya siti skani ya pengo la mgonjwa husika. Hospitalini utaikuta kama punje, vijiti, au vipande vidogo vyeupe ndani ya kifurushi kilichotakaswa.

Kwa nini vitundu

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na napenda msomaji akae hapa kidogo.

Seli ya mwili haiwezi kuishi mbali na damu. Oksijeni inayotoka kwenye kapilari husafiri umbali mfupi mno ndani ya tishu, sehemu moja au mbili za kumi za milimita, ikaisha. Ukimwekea mtu kipande cha haidroksiapataiti kisicho na tundu, mwili utakikubali na mfupa utakishika kwa nje, lakini ndani kitabaki jiwe lisilo na uhai maisha yake yote. Ili mfupa uote ndani, sharti mishipa ya damu itangulie. Ili mishipa itangulie, sharti pawe na nafasi.

Nafasi ya ukubwa gani? Swali hilo limewashughulisha watafiti tangu miaka ya 1970. Vitundu vilivyo chini ya maikromita 100 hivi, yaani takriban unene wa unywele mnene wa kichwani, mara nyingi hujaa tishu laini tu. Kuanzia 100 mfupa huweza kuingia, na vikizidi 300 mishipa ya damu hupata nafasi ya kutosha na mfupa hukomaa vizuri zaidi. Vikipanuliwa kupita kiasi, kauri yenyewe hubomoka kwa vidole.

Ukubwa wa tundu hautoshi. Tundu kubwa lisilopakana na jingine ni chumba kisicho na mlango: hakuna kitakachoingia. Kwa hiyo watengenezaji hupima pia milango, ile mianya inayounganisha tundu na tundu, nayo isipungue maikromita 50 hivi. Kauri mbili zinaweza kuandikwa kwamba zina asilimia 70 ya nafasi tupu, moja ikaota mfupa hadi katikati na nyingine ikabaki tupu, kwa sababu tu ya milango hiyo. Zaidi ya hapo kuna vitundu vidogo sana kwenye kuta zenyewe, chini ya maikromita 10, ambavyo seli haziwezi kupita, lakini hufyonza maji ya mwili na protini na kuufanya uso wa kauri uwe mahali ambapo seli jenzi hupenda kutua.

Bahari ilikuwa na jawabu la swali la milango kabla ya maabara. Mwaka 1972 Rodney White, Jon Weber na Eugene White wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwamba mifupa ya viumbe vya baharini, hasa matumbawe, ina vitundu vinavyopakana kwa mpangilio ambao mtu asingeweza kuutengeneza, na kwamba mpangilio huo unaweza kunakiliwa kwa kauri, chuma au plastiki. Mwaka 1974 Della Roy na Sari Linnehan, wa chuo hicho hicho, walionyesha jinsi tumbawe lenyewe linavyoweza kugeuzwa. Tumbawe ni kaboneti ya kalsiamu. Likipikwa pamoja na fosfeti kwenye joto na shinikizo kubwa, kaboneti hubadilika kuwa haidroksiapataiti bila umbo kupotea. Tumbawe walilolipenda ni la jamii ya Porites, ambalo vitundu vyake ni vya maikromita 200 hivi.

Msomaji wa pwani analijua tumbawe hilo hata kama hajawahi kulisikia kwa jina la kisayansi. Porites ndilo lililokatwa baharini na kuchongwa likiwa bado laini katika miji ya kale ya Waswahili, kwa ajili ya mihrabu, fremu za milango na nakshi za mawe, kisha likawa gumu hewani. Mafundi wale walilipenda kwa sababu ya usawa wa vitundu vyake: lilichongeka pande zote bila kupasuka. Usawa ule ule ndio uliowavutia wataalamu wa mifupa karne nyingi baadaye.

Kauri hiyo haikuishia kwenye vitabu. Mwaka 1989 Robert Bucholz na wenzake wa Texas walichapisha matokeo ya wagonjwa 40 waliovunjika sehemu ya juu ya mfupa wa muundi, chini ya goti, ambako uso wa kiungo huwa umedidimia na kuacha shimo chini yake. Nusu walijaziwa mfupa wa nyonga, nusu kauri ya tumbawe. Magoti ya makundi hayo mawili yalipona kwa kiwango kinachokaribiana. Mwaka 1992 Marekani iliruhusu kauri ya tumbawe itumike kwa mashimo ya namna hiyo. Huko Johannesburg, Ugo Ripamonti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliripoti mwaka 1991 jambo lililowashangaza wengi: kauri ya tumbawe iliyopandikizwa ndani ya misuli ya nyani, mahali ambapo hakuna mfupa wowote karibu, iliota mfupa bila kuongezewa dawa. Umbo la vitundu peke yake lilitosha kuziita seli na kuziagiza zijenge. Namna hasa linavyofanya hivyo bado ni uwanja wa utafiti, na mojawapo ya kurasa zake za kwanza imeandikwa Afrika.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Tumbawe la baharini, likiwa halijapitia kiwanda na kutakaswa, ni uchafu ukiingia kwenye kidonda, na matumbawe hai yanalindwa na sheria pamoja na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kauri nyingi zinazotumika leo hutengenezwa kwa kemikali na hazigusi mwamba wowote. Vilevile, unga wa matumbawe unaouzwa kama kirutubisho hauungi mfupa. Mwaka 2003 mamlaka za Marekani ziliwachukulia hatua za kisheria wauzaji waliodai kwamba kalsiamu ya matumbawe hutibu saratani na maradhi mengine. Kalsiamu hiyo mwilini haina ubora kuliko ile ya dagaa.

Itakaa au itaondoka?

Mfupa hai hubomolewa na kujengwa upya wakati wote. Seli bomozi huyeyusha mfupa mkuukuu, seli jenzi hufuata nyuma zikiweka mpya. Kauri nzuri huingia kwenye mzunguko huo: huyeyuka polepole na kuachia nafasi mfupa unaokuja.

Kasi hutofautiana sana, na daktari huichagua kwa makusudi. Jasi hutoweka ndani ya wiki chache, mara nyingine mfupa ukiwa haujafika. Trikalsiamu fosfeti huchukua miezi, pengine mwaka au zaidi. Haidroksiapataiti iliyochomwa vizuri hukaa miaka mingi, ikiwa imefumwa ndani ya mfupa mpya. Mchanganyiko wa hizo mbili, uliofanyiwa kazi kubwa na Racquel LeGeros wa New York na Guy Daculsi wa Nantes, Ufaransa, ulibuniwa ili sehemu moja iyeyuke na kulisha ujenzi wakati nyingine ikishikilia umbo. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kwa mashimo mengi, maana makosa yako pande zote mbili: kauri inayowahi kuondoka huacha tena pengo, na isiyoondoka kamwe huacha mfupa wenye sehemu ngumu isiyopindika.

Isichokiweza

Kauri haina kolajeni. Ni ngumu lakini huvunjika ghafla, na kila kitundu kinachoongezwa huipunguzia nguvu. Ganda la nje la mfupa wa mguu hustahimili mgandamizo wa megapaskali 100 na zaidi. Kauri yenye vitundu vya kutosha kuotesha mfupa mara nyingi haifiki 10, sawa na ule mfupa wa ndani ulio kama sponji. Kwa hiyo haiwezi kubeba mwili. Kwenye mguu lazima pawe na chuma, ama cha ndani ama vyuma vya nje, kitakachobeba uzito hadi mfupa uwe mfupa. Mgonjwa anayeambiwa kwamba kauri itatosha bila chochote cha kuushikilia mguu, na jeraha lake ni la paja au muundi uliokatika kabisa, ana haki ya kuomba maoni ya daktari mwingine.

Inafaa zaidi kwenye shimo lenye kuta: tundu lililoachwa na uvimbe, sehemu iliyodidimia chini ya goti au kisigino, taya, pingili za uti wa mgongo zinazounganishwa. Huko pande zote kuna mfupa hai wenye damu, tayari kuingia. Pengo la sentimita sita katikati ya muundi, ncha mbili zikitazamana bila chochote kati yake, ni jambo jingine kabisa. Kwa hilo kuna njia zenye historia ndefu. Gavriil Ilizarov alianza katika miaka ya 1950 huko Kurgan, Siberia, kutumia pete za chuma: mfupa hukatwa mahali penye afya na kuvutwa milimita moja kwa siku, na mfupa mpya hujaa nyuma yake. Sentimita tano ni siku 50 za kuvuta, kisha miezi ya kukomaa. Njia nyingine ni ya Mfaransa Alain-Charles Masquelet: pengo hujazwa saruji ya kitabibu kwa wiki sita hadi nane, mwili huizungushia utando wenye mishipa mingi ya damu, kisha saruji hutolewa na mfupa wa nyonga kuwekwa ndani ya utando huo. Kauri huweza kuchanganywa na mfupa wa nyonga usiotosha. Nafikiri hilo ndilo jukumu lake la manufaa zaidi kwa majeruhi wetu wengi wa barabarani: kuongezea, ili nyonga ichotwe kidogo.

Kisha kuna usaha. Hili nalisema kwa mkazo wote. Kauri iliyowekwa kwenye mfupa wenye maambukizi huwa makao ya bakteria, kwa sababu vitundu vinavyokaribisha seli huwakaribisha nao, na dawa haiwafikii kirahisi mahali ambapo damu haijafika. Mfupa wenye usaha husafishwa kwanza, mara nyingine zaidi ya mara moja, mfupa uliokufa huondolewa, ngozi na nyama hufunikwa, na antibayotiki hutolewa kufuatana na kipimo cha kuotesha vimelea. Mwenye selimundu aseme mapema, kwa sababu mifupa yake hushambuliwa kirahisi na vimelea wa aina yao wenyewe. Aliyewahi kuugua kifua kikuu aseme pia. Zipo punje za jasi zilizochanganywa na antibayotiki zinazowekwa makusudi penye maambukizi, lakini hizo ni dawa inayoyeyuka na kwisha, zisichanganywe na kauri ya kujengea.

Neno kuhusu seli. Mwaka 2001 timu ya Ranieri Cancedda wa Genoa, Italia, pamoja na wenzake, iliripoti wagonjwa watatu wenye mapengo ya sentimita nne hadi saba. Seli zilitolewa kwenye uboho wa kila mgonjwa, zikakuzwa maabara, zikawekwa ndani ya kauri ya haidroksiapataiti yenye vitundu, na mapengo yakaziba. Miaka sita hadi saba baadaye viungo vyao vilikuwa bado vinafanya kazi, ingawa kauri yenyewe ilikuwa haijayeyuka. Habari hiyo ni ya kutia moyo, na ni ya wagonjwa wachache mno. Anayekuuzia leo sindano ya seli shina kwa bei ya kiwanja, akikuahidi kwamba mfupa utaota, hana ushahidi wa kukuonyesha.

Ukiwa mbele ya daktari

Muulize kwanza pengo lina ukubwa gani na kuta ngapi, na kama kuna dalili yoyote ya maambukizi. Muulize kitu gani kitashikilia mguu au mkono wakati kauri ikifanya kazi. Uliza kama anafikiria kuitumia peke yake au kuichanganya na mfupa au uboho wako, na kwa nini. Daktari mzuri hatachukia maswali hayo. Akitaja jina la bidhaa, uliza ni madini gani na huchukua muda gani kuyeyuka. Uliza pia kama ina kibali cha mamlaka ya nchi, kama TMDA kwa Tanzania au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, na kama kifurushi kitafunguliwa siku hiyo hiyo kikiwa hakijapita tarehe yake. Mambo ya bima yaulizwe kabla ya kulazwa. Kauri na chuma huweza kuhesabiwa mbalimbali, na familia nyingi hulijua hilo wakati mgonjwa ameshalala mezani.

Asili ya kitu chenyewe ni swali halali na lisionewe haya. Kauri ya kemikali haitokani na mnyama. Zipo nyingine zilizotokana na mifupa ya ng'ombe iliyochomwa hadi protini zote zikaisha, zinazotumika sana kwa madaktari wa meno, na zipo zilizochanganywa na kolajeni ya ng'ombe au ya nguruwe. Mwislamu, Mhindu au yeyote mwenye mwiko ana haki ya kujua, na kwa kawaida mbadala upo.

Watu huuliza kama mwili utaikataa. Kauri yenyewe haina seli wala protini ngeni, kwa hiyo hakuna dawa za kuzuia kukataliwa kama zile za waliopandikizwa figo. Haipigi kengele uwanja wa ndege; chuma kilicho pembeni yake ndicho kinachoweza kupiga.

Miezi inayofuata

Mishipa ya damu inayoingia kwenye vitundu katika wiki za kwanza ni laini kuliko uzi wa buibui. Ncha za mfupa zikichezacheza, mishipa hiyo hukatika kila siku na ujenzi hauanzi. Kwa hiyo agizo la kutokanyaga, au kukanyaga kwa ncha ya mguu tu, lifuatwe kama lilivyo, hata maumivu yakiwa yamekwisha. Maumivu kwisha si kipimo cha kuunga. Mguu usikandwe kwa maji moto wala kuchuliwa penye upasuaji, na usifungwe kwa vijiti juu ya kidonda. Familia ikitaka kumwita mganga wa kuunga mifupa, na ijadiliane na daktari waziwazi.

Sigara na ugoro viachwe. Nikotini hubana mishipa midogo, ile ile inayotakiwa kuingia kwenye kauri, na wavutaji huchelewa kuunga au hawaungi kabisa mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta. Sukari ya mwenye kisukari idhibitiwe. Kuhusu dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, usijinunulie na kumeza kwa wiki kadhaa bila kumuuliza daktari wako, kwa kuwa kuna wasiwasi kwamba zikitumika muda mrefu huchelewesha mfupa. Chakula kiwe na protini ya kutosha, maana kolajeni hujengwa nayo na kauri haikuileta: maharage, mayai, samaki, maziwa, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Mgonjwa aketi juani kidogo kila siku.

Rudi hospitali bila kungoja tarehe ukiona homa, kidonda kinachotoa majimaji baada ya kuwa kimekauka, wekundu unaotambaa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, vidole vyenye ganzi au baridi, au chuma kinacholegea. Punje moja mbili nyeupe zikitoka kwenye kidonda siku za mwanzo, zionyeshe kwa daktari. Huenda ni kauri iliyozidi tu, lakini ni yeye wa kuamua.

Kwenye eksirei kauri huonekana nyeupe kuliko mfupa, yenye kingo kali. Mfupa ukiingia, kingo hizo hufifia mwezi hadi mwezi, na mstari mweusi uliokuwa kati ya kauri na mfupa hutoweka. Mstari huo ukibaki au ukipanuka, mfupa haujaingia. Haidroksiapataiti itaendelea kuonekana kwa miaka hata kwa aliyepona kabisa, na hapo ndipo hatari ya mwisho ilipo: daktari mwingine, katika mji mwingine, asiyejua kilichowekwa, anaweza kudhani anaona kipande cha mfupa uliokufa na kupanga kukitoa. Kila kifurushi cha kauri huja na stika zenye jina la bidhaa, kampuni, namba ya toleo na tarehe. Stika moja hubandikwa kwenye faili la hospitali. Omba nyingine ibandikwe kwenye kadi yako, pamoja na nakala ya ripoti ya upasuaji na eksirei ya kwanza baada ya upasuaji, na uende navyo kila unapotibiwa mguu huo.